Programu Inayokwama Siku ya Umuganda

Nyamirambo, Kigali
3 Juni 2025

Shangazi yangu Nyirarukundo,

Asalaam aleikum, na kabla hujauliza: sote wazima. Baba anakohoa kwa vumbi la kiangazi, lakini bado anabishana habari za mpira na kila anayeingia dukani kwake, kwa hiyo ujue kaka yako yuko salama. Mama amekuwekea kitenge cha Idi, na anasema safari hii usikikate ukawashonea watu wengine. Nimeandika kwa herufi kubwa kama ulivyotaka. Kwa mwendo huu daftari litaisha kwa barua mbili.

Kwanza, macho yako. Nimekwenda mwenyewe kumwona daktari. Nilimwonyesha picha aliyokupiga binti wa jirani yako, akasema huo ni mtoto wa jicho, la kulia limeshapevuka na la kushoto limeanza. Wanautoa, wanakuwekea lenzi, kesho yake unafunguliwa bandeji. Nafasi zipo katikati ya Agosti, ila ameonya usichelewe zaidi ya hapo. Shangazi, wewe ni fundi cherehani. Fundi asiyeona tundu la sindano atakula nini? Sema neno moja tu nikuandikishe.

Pili, nina malalamiko. Nikikupigia simu unapokea mara moja, unauliza, "Nani?" Nikisema ni Ikirezi, unasema, "Mko wazima? Haya, andika barua," unakata. Nimekukosea nini?

Mimi kazini nimepata balaa. Unajua kampuni yetu ya Gikondo inawauzia watu intaneti, na kule Masaka, pembezoni mwa Kigali, wateja wetu ni kituo cha afya na maduka kadhaa. Kila kinachosafiri kwenye mtandao husafiri vipande vipande, tunaviita pakiti. Nimeandika programu inayokaa kwenye kompyuta ndogo pale Masaka, inazidaka pakiti za wateja zikipita na kuzihesabu, na kila dakika inatuma neno ofisini: "Nipo." Isipotuma, tunajua kuna shida. Sasa Jumamosi ilinyamaza asubuhi nzima! Bosi wangu, Harriet, akanipigia simu kwa ukali. Nikatafuta moto, pikipiki za abiria, ya kunipeleka, wapi! Ilikuwa umuganda, unakumbuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilivyo, watu wote nje na majembe kwa kazi za jamii na barabara tupu. Nilipofika Masaka mchana, naikuta inasema "Nipo, nipo" kama si yenyewe iliyonitia aibu. Naijaribu kila siku, inafanya kazi. Harriet ananitazama kama mtu anayeficha kitu.

Barua hii inakuja na Ndihokubwayo, yule dereva Mrundi wa lori la mchele. Mpe jibu arudi nalo.

Mwanao,
Ikirezi

*

Kahama
19 Juni 2025

Mwanangu Ikirezi,

Aleikum salaam. Ndihokubwayo ameleta barua yako imelowa soda. Nimeianika juani kama dagaa, ndipo nikaisoma kwa jicho la kushoto huku la kulia nimelifunga kwa kiganja. Idi ilikuwa njema. Tulichangia mbuzi na majirani, mimi nikapata maini, nawe unajua mtu anayepata maini ni mtu anayeheshimiwa. Mwambie kaka yangu aache mpira, anywe maji ya tangawizi. Shema mwanangu naye hajambo huko aliko, inshallah.

Asante kwa kunihangaikia, lakini Agosti ni mapema. Shule zinafunguliwa Julai, sare zimenijaa mpaka kitandani. Baada ya sare kuna harusi mbili. Na nyumba nimwachie nani? Wezi wa huku wanaiba hata sufuria ikiwa jikoni na maharage yamo. Daktari wako asubiri kidogo, macho haya nimekuwa nayo miaka hamsini na sita, hayajanikimbia.

Habari ya simu tuiache. Barua ina raha yake, mtu unaisoma na kuirudia.

Hiyo programu yako inayonyamaza na kuzinduka yenyewe, hapa tungeipeleka kwa shehe ikasomewe. Usicheke. Na huyo Harriet mwambie mtoto wetu hafichi kitu, tangu utotoni ulikuwa huwezi kuficha hata kipande cha sukari.

Shangazi yako

*

Nyamirambo
2 Julai 2025

Shangazi mpenzi,

Asalaam aleikum. Mama anakusalimu, Baba anakunywa tangawizi kwa kununa. Nyumba ya jirani imeanza kujengwa ghorofa ya pili na sasa hatupati jua la kuanikia nguo, ugomvi upo lakini ni wa kistaarabu, bado tunaazimana chumvi.

Nimekuandikisha Agosti 14. Usinikaripie. Sare zitakuwa zimekwisha.

Shangazi, nimeipata! Juni 28 programu ilinyamaza tena. Mimi wakati huo niko mtaroni na jembe, tunazibua mfereji chini ya msikiti, matope mpaka magotini. Simu inalia, Harriet huyo. Nikasimama palepale nikatazama mlimani juu. Maduka yamefungwa. Hakuna mtu kwenye simu yake, hakuna anayetazama video, hakuna karani wa kituo cha afya anayetuma ripoti, kila mtu ana jembe au anajifanya analo. Nikapiga kelele, "Umuganda!" Mzee aliyekuwa pembeni akanijibu, "Ndiyo, binti, umuganda, chimba."

Ngoja nikueleze. Programu yangu inaiambia kompyuta: nipe pakiti inayofuata. Nilivyoiandika, ikishaomba hairudi mpaka pakiti ije. Siku za kawaida pakiti hazikatiki, kwa hiyo inarudi haraka, inahesabu, inasema "Nipo." Siku ya umuganda hakuna kinachopita, basi inaganda pale pale inangoja, na kusema "Nipo" haiwezi kwa sababu bado haijarudi kutoka kuomba. Na nilikuwa nimeiwekea kikomo cha sekunde moja, nikajiona mjanja! Nikasoma maelezo upya kwa makini, kumbe kwenye mitambo mingine sekunde zenyewe hazianzi kuhesabiwa mpaka pakiti ya kwanza ifike. Mwezi mzima nilikuwa naijaribu siku ambazo Kigali nzima iko macho.

Na ubaya wake ni huu: siku laini ya Masaka ikikatika kweli, ndiyo siku ambayo hakuna pakiti. Yaani ofisini hatutajua kama laini imekufa au ni programu tu imesimama inangoja. Wahenga hawakukosea, ngojangoja huumiza matumbo.

Dawa ipo. Kuna hali isiyozuia. Programu inauliza, "Kuna kitu?" Kama hakuna, inajibiwa hapo hapo, hakuna, nayo inakwenda kufanya kazi zake nyingine, halafu inarudi kuuliza tena. Ni akili ya kawaida tu. Mtu anayemngoja mgeni hasimami mlangoni siku nzima chakula kikaungua jikoni. Si kweli, Shangazi?

Nakungoja Agosti.
Ikirezi

*

Kahama
20 Julai 2025

Ikirezi,

Salamu zimefika. Sisi hatujambo.

Kumbe mama yako amekuambia. Nilimtolea wifi yangu neno moja tu, tena kwa machozi, nikamsihi lisitoke mdomoni mwake, na sasa nafundishwa na mtoto niliyembeba mgongoni. Umezunguka na pakiti zako na mitaro yako mpaka ukanifikisha mlangoni. Vizuri. Umesoma, umejua kusema kwa mafumbo.

Ndiyo, nimesimama mlangoni. Shema aliondoka na lori kwenda Tunduma kutafuta kazi kwa mafundi magari. Akapiga mara tatu nne, kisha namba yake ikawa haipatikani. Huu mwaka wa pili. Yangu anaijua kwa kichwa tangu yuko darasa la tatu. Siku atakapopiga, simu itaita hapa juu ya meza ya cherehani nami nitaipokea. Ndiyo maana sikai kupiga soga na wewe. Najua kuna namna ya kumweka mtu pembeni ukazungumza na mwingine, sitaki mwanangu awekwe pembeni. Ndiyo maana harusini siendi, ngoma zitanizuia kusikia. Ndiyo maana siji huko kwenu. Laini yangu haishiki ng'ambo ya mpaka, na daktari ataniziba macho na kuniambia zima simu, mama. Akipiga siku hiyo? Akisema moyoni, hata mama hayupo?

Basi chakula kiungue. Macho yaende. Mimi ni mama, si programu. Na kama unawapenda sana wahenga, walisema pia subira yavuta heri.

Usiniandikie tena habari za kungoja. Agosti 14 mpe mtu mwingine.

Nyirarukundo

*

Nyamirambo
1 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Asalaam aleikum. Leo salamu za nyumbani ni fupi, kwa sababu nyumba nzima imeisoma barua yako. Wallahi Mama hakuniambia kitu. Nilikuwa naeleza programu tu, mdomo wangu huu usio na breki. Nilipoanza kumsomea, Mama aliweka sahani chini akalia. Baba akatoka nje, akarudi baadaye akasema, "Andika kwamba dada yangu ni mkaidi na ninampenda." Nimeandika.

Mimi na Baba hatukujua, Shangazi. Kila barua ulisema Shema hajambo inshallah, nasi tukaitika amina. Mimi ndiye nilimfundisha kuendesha baiskeli alipokuja huku likizo, akanigongea ukuta wa msikiti. Miaka miwili sijauliza anaishi wapi hasa. Najisikia vibaya sana.

Umenikataza habari za kungoja. Nisamehe, nitakukaidi mara hii moja, kisha nitanyamaza.

Umuganda wa Julai 26 ulikuwa mtihani. Nilikuwa nimeiweka programu kwenye ile hali isiyozuia, na asubuhi nzima, Kigali ikiwa kimya, ilisema "Nipo" bila kukosa. Nilicheza mtaroni, jembe mkononi. Halafu muuguzi wa Masaka akanipigia: kompyuta yako inaunguruma, ina moto, nitaweza kuchemshia chai. Nikafungua nikaona ujinga wangu. Nilikuwa nimeiambia iulize, na ikiambiwa hakuna, iulize tena papo hapo, na tena, maelfu kwa maelfu ndani ya sekunde. Haikukwama, lakini ilikuwa inajiua. Nimeibadilisha. Sasa inauambia mfumo wa kompyuta: niguse kikija kitu, kisipokuja niguse baada ya sekunde moja nifanye mengine. Imepoa. Harriet amenunua sambusa za ofisi nzima.

Lakini ninachotaka ukijue ni kingine. Mimi niliogopa hali ile tangu mwanzo kwa sababu kama yako. Nilidhani pakiti itakayofika wakati programu iko kwenye kazi nyingine itapotea. Haipotei. Mfumo una kapu lake, unazipokea na kuziweka humo, na programu ikirudi inazikuta. Kapu likijaa ndipo zinamwagika, ila siku chache za hospitali haziwezi kulijaza kapu la mama. Simu nayo ndivyo. Ukiiwasha utaletewa ujumbe kwamba fulani alikutafuta.

Sikuombi uache kumngoja. Ukiacha wewe, nani atamngoja? Nakuomba umngoje huku unaona. Shema akirudi akasimama mbele yako amekonda au amenenepa, ana ndevu, utamjua kwa kumpapasa?

Nafasi ya Agosti 14 sijampa mtu.

Ikirezi

*

Kahama
9 Agosti 2025

Ikirezi,

Aleikum salaam.

Nimekasirika siku tatu. Jana nilishona mkono wa shati nyuma mbele, mteja akanionea huruma badala ya kunitukana. Hiyo huruma ndiyo imeniuma.

Nakuja na lori la Ndihokubwayo. Nimewaaga wateja wote, na madereva wa pale stendi ya malori ninaowashonea suruali nimewaambia nimefunga, nimekwenda Kigali kupasuliwa macho. Wameshangaa, maana hawajawahi kunikuta sipo.

Simu nitakuja nayo. Sijui nitaizimaje. Utaizima wewe.

Shangazi yako

*

Kahama
21 Septemba 2025

Mwanangu Ikirezi,

Asalaam aleikum wewe na kaka yangu na wifi yangu, na yule jirani mwenye ghorofa. Nimeandika herufi ndogo kusudi, nawe uhangaike. Naona! Naona uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi. Nimeona pia kwamba kuta za nyumba yangu ni chafu na kwamba nimezeeka kuliko nilivyodhani, hilo hamkuniambia. Wifi, pilau lako limenifanya nipanue magauni yangu mawili. Mungu awalipe.

Sasa kaa chini.

Wakati wa kurudi, tulipovuka mpaka pale Rusumo, Ndihokubwayo alisimama kunywa chai. Nikaitoa simu mkobani, wiki mbili ilikuwa maiti. Nikaiwasha. Ikatulia, halafu ikaanza kutetemeka mkononi, ujumbe juu ya ujumbe, nikadhani imeharibika. Namba moja, siijui, imenitafuta mchana, imenitafuta asubuhi, imenitafuta tena na tena. Nilikwambia, Ikirezi! Nilikwambia atapiga nisipokuwepo! Nilikaa juu ya jiwe pale kwenye maegesho nikawalaani daktari na wewe na pakiti zako zote.

Kisha nikapiga. Haikumaliza hata mlio mmoja.

"Mama? Mama, macho yamekuwaje?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Miaka miwili, na ananiuliza macho. Nililia mpaka Ndihokubwayo akaja mbio na kikombe chake, akidhani kuna msiba. Shema naye alikuwa analia, anajifanya ana mafua.

Yuko Tunduma. Hajapotea, hajaugua. Gereji aliyoiendea ilifungwa, simu akaibiwa, akalala mwaka mzima kwenye stoo ya matairi, akaona haya kunipigia akiwa hana kitu cha kuniambia. Sasa amepata kwa fundi mwingine. Nikamuuliza, na leo je, umepata la kuniambia? Akasema hapana. Madereva wa Kahama walikuwa wakizungumza pale gereji, hawajui kwamba ni mwanangu, wakasema fundi Nyirarukundo amefunga, amepelekwa kupasuliwa. Akasema, "Mama, kila nilipotaka kukupigia nilijiambia, Mama yupo tu, hata kesho yupo. Waliposema umeondoka, nikaona kumbe unaweza kutokuwepo. Nikapiga, haipatikani. Sikulala."

Unasikia, Ikirezi? Mimi nilijifungia humu ili anikute, na yeye alikaa kimya kwa kujua atanikuta. Sijui nicheke au nimchape. Atakuja mwezi wa kumi na mbili, akifika nitafanya vyote viwili.

Sasa simu zako nitazipokea, ila usiseme sana, nina kazi. Nimekwenda harusini wiki iliyopita. Simu niliiacha kwenye mkoba, nikacheza, wimbo ukiisha naitazama, hakuna kitu, narudi kucheza. Mwambie Harriet nimeielewa kazi yenu.

Na leo asubuhi sikiliza kilichotokea. Niko kwenye cherehani, bibi harusi mwingine amesimama mbele yangu na gauni limejaa pini kila mahali, akigeuka tu linamchoma. Simu ikaita, Shema. Nikapokea nikamwambia, "Mwanangu, nina mtu hapa. Nipigie saa kumi," nikakata. Jirani yangu aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni aliacha kisu kikaanguka. Akaniuliza, "Huyo ni Shema? Shema unayemngoja?" Nikamwambia ndiye. Simu niliitazama mara mbili, sitakuficha, lakini pindo nililimaliza, nalo limenyooka.

Hakungoja saa kumi. Saa tisa ilikuwa haijafika, tayari ananipigia.

Shangazi yako akupendaye,
Nyirarukundo